Ukaguzi Nyuma ya Pazia

Migori Mjini,
Jumatatu, 23 Februari

Kwa Afisa wa Usalama,
Bustani ya Michezo ya Nam, Homa Bay.

Salamu kwako na kwa wenzako kazini.

Mimi ni Sainab Abdullah, mwalimu wa wasichana katika madrasa iliyo nyuma ya maduka ya nguo hapa Migori. Jina langu huenda lisikwambie kitu, lakini basi letu pengine mnalikumbuka. Siku ya Idi mwaka jana niliwaleta kwenu wasichana ishirini na wawili. Walipofika kwenye vigari vya mbio, kijana wa zamu aliwaambia wavue mitandio au watoke kwenye foleni. Hakuwa mkali, alisema kama anayeomba nauli. Sita walivua, kwa sababu walikuwa wameingoja siku hiyo tangu mwanzo wa mfungo. Mmoja wao alikuwa Sumayya, binti ya kaka yangu Abdirahim, wakati huo akiwa na miaka kumi na miwili. Mtu aliyesimama kwenye uzio alimpiga picha. Kabla basi halijafika Rongo tukirudi nyumbani, picha ilikuwa imekwisha kufika Migori.

Kaka yangu anauza magodoro na mazulia. Wateja walimwonyesha picha ya bintiye akiwa kichwa wazi, wengine wakicheka, wengine wakimpa pole kama aliyefiwa. Sumayya hakupigwa wala kukaripiwa. Ila tangu siku hiyo hajatoka nasi mahali popote, na darasani hukaa safu ya nyuma.

Mwaka huu ameniuliza, mara moja tu, kama tutarudi kwenye vigari. Nimemwahidi kwamba tukirudi ataendesha kichwa chake kikiwa kimefunikwa. Baba yake amekubali kwa sharti moja: ahadi hiyo iwe kwenye karatasi, yenye jina la mtu na mhuri. Maneno ya simu, anasema, hukanushwa. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia.

Naomba jibu moja kati ya mawili. Ikiwa inawezekana, niandikie itawezekanaje. Ikiwa haiwezekani, niambie sasa, ningali na uso wa kumwambia mtoto.

Wako,
Sainab Abdullah


Bustani ya Michezo ya Nam,
Homa Bay,
Ijumaa, 27 Februari

Mwalimu Sainab Abdullah,

YAH: OMBI LA KUENDESHA VIGARI VYA MBIO KWA VAZI LA KIDINI

Barua yako ya tarehe 23 Februari nimeipokea na kuisoma kwa uzito unaostahili. Naitwa Bochaberi Omanga. Niliajiriwa hapa mwezi wa Oktoba, baada ya kuhitimu shahada ya usalama na afya kazini, kwa hiyo sikushuhudia tukio unalolieleza. Hata hivyo, nasikitika kwa fedheha iliyompata mtoto.

Niruhusu nieleze msingi wa kanuni yetu. Kanuni ya Saba yasema kwamba vazi lolote linaloning'inia shingoni au kichwani sharti livuliwe kabla ya dereva kuketi. Nyuma ya kiti cha kigari, kiasi cha shibiri mbili tu kutoka mgongoni, kuna chuma kinachozungusha magurudumu. Kitambaa kikikigusa chuma hicho hakipasuki. Hujiviringisha, na kinachofuata kitambaa ni shingo. Muda wa kupiga ukelele haupo. Nimelisoma jambo hili darasani kwa miaka minne, na silitaki nilione kwa macho.

Kanuni haiulizi kitambaa ni cha dini gani. Skafu ya baridi, kamba ya kofia, shanga na mtandio ni kitu kimoja mbele ya chuma. Kanuni haibagui, na hapo ndipo ilipo nguvu yake.

Kwa sababu hizo, ombi lako halitawezekana. Wasichana wanakaribishwa kwenye mabembea, boti za kukanyaga na uwanja wa kurukia, ambako mitandio inaruhusiwa.

Nakutakia mfungo mwema.

Wako mtiifu,
Bochaberi Omanga
Afisa wa Usalama


Migori,
Jumanne, 3 Machi

Bi. Bochaberi,

Asante kwa barua yako. Mhuri wake ni mzuri. Nimemsomea Sumayya, naye akauliza kama mabembea ni yale yenye vichwa vya bata. Nikasema ndiyo. Akasema ataangalia ndugu zake wadogo siku hiyo, mimi niende salama.

Habari ya chuma nimeielewa, na nakushukuru kwa kuwa wewe ndiwe mtu wa kwanza kunieleza. Kijana wenu wa mwaka jana alisema tu, "Ni sheria." Lau angenionyesha kile chuma, ningewatoa wasichana kwenye foleni kwa mkono wangu.

Lakini nina swali. Siku ile ile, mbele yetu kwenye foleni, alikuwapo mtawa wa Kikatoliki. Alizunguka mara mbili na shela lake likipepea hadi mabegani, na watu wakampigia makofi. Sikumwonea wivu, alikuwa na furaha ya kutazamika. Nauliza tu kama kanuni isiyobagua ilikuwa likizoni.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ndani yake ni hijabu aliyoishona fundi wetu Mohammad baada ya mimi kumweleza habari ya chuma. Haina ncha, haina mkia, haihitaji pini hata moja. Inavaliwa kama soksi ya kichwa, na upindo wake unaingia ndani ya ukosi wa shati. Wasichana watavaa suruali na kanzu fupi ya magotini, iliyofungwa kiunoni. Mohammad ameivuta mbele yangu mpaka jasho likamtoka, haikutoka kichwani pa mwanawe.

Wewe ni msomi. Sikuombi unihurumie. Naomba uipime.

Sainab Abdullah


Homa Bay,
Jumatatu, 9 Machi

Mwalimu Sainab,

Nianze na mtawa. Nimemuuliza Duke Mogire, msimamizi wa vigari, ambaye ndiye yule kijana wa zamu. Amekiri. Alisema yule ni mkunga wa zahanati iliyomzalisha mkewe, na mdomo wake ulikataa kumwambia avue. Kwa hiyo hoja yako imesimama, nami naona haya kwamba niliandika lile neno la kutobagua bila kuuliza kwanza.

Sasa hijabu. Niliivaa mimi mwenyewe, nikaweka helmeti juu yake, nikazunguka mizunguko kumi na miwili, sita polepole na sita kwa kasi ya mwisho. Duke aliivuta kwa ndoano ya kupimia uzito wa samaki. Nilifunga utepe mwekundu kwenye upindo ili nione kama utachomoka kwenye ukosi, haukuchomoka. Kitambaa hicho hakiwezi kukifikia chuma. Nimeandika taarifa ya kurasa nane, na meneja wetu, Bwana Gisiri, ameridhia siku ya Idi iwe siku ya majaribio rasmi, kwa sharti kwamba niwepo na nikague kila dereva.

Utaratibu utakuwa hivi. Tutaweka pazia zito karibu na foleni. Wasichana wataingia wawili wawili, nami nitawakagua humo ndani. Hakuna mwanamume atakayeingia, na hakuna simu itakayopita uzio wa pili. Lipo jambo moja la ukaguzi ambalo sitaliandika hapa, kwa sababu najua barua hii itasomwa na baba yake Sumayya na pengine wazee wengine, na si jambo la kuandikwa mbele ya wanaume. Nitalishughulikia mwenyewe nyuma ya pazia. Ni la dakika moja.

Tafadhali mweleze Bwana Abdirahim kwamba bintiye ataendesha kichwa chake kikiwa kimefunikwa. Jina langu na mhuri viko chini. Kalenda ya ofisini inaonyesha Idi ni Ijumaa, tarehe 20 Machi. Tutawangoja saa nne asubuhi.

Wako mtiifu,
Bochaberi Omanga


Migori,
Alhamisi, 12 Machi

Bi. Bochaberi,

Mungu akulipe. Kaka yangu ameisoma barua mara mbili, akaikunja, akaitia katika mfuko wa koti ambamo huweka kitambulisho. Alipofika pale pa jambo lisiloandikwa alisema, "Huyu amelelewa." Sumayya ameanza kukaa safu ya tatu.

Ila kalenda yenu isikudanganye. Idi haitoki ukutani. Mwezi ukiandama Alhamisi usiku, Idi ni Ijumaa. Usipoandama, tutakamilisha siku thelathini na Idi itakuwa Jumamosi. Hatutajua mpaka tangazo litoke. Natumaini hilo si tatizo kwenu.

Sainab


Homa Bay,
Ijumaa, 13 Machi

Dada Mokeira,

Habari za Kegonga, na za shule yako? Nakuandikia kwa bahasha kwa sababu simu yako hushikwa na watoto wote wa nyumba hiyo, na hili silitaki lisomwe.

Unakumbuka nilivyopata kazi hii. Kwenye usaili niliulizwa kama kuna siku nisiyoweza kufanya kazi. Nikasema Sabato, na Bwana Gisiri akaguna kwamba Jumamosi ndiyo siku yenye wageni wengi kuliko zote. Nilimjibu kwamba nitafanya kazi Jumapili zote za mwaka. Akaniandikia ruhusa hiyo kwenye mkataba, nami sijawahi kuikiuka. Kanisa letu liko mwendo wa nusu saa kutoka bustanini.

Sasa kuna wasichana wa Kiislamu wa Migori. Nimewaahidi kwa mhuri kwamba nitawakagua mimi. Idi yao ikiwa Ijumaa, nitang'aa. Ikiwa Jumamosi, sitakuwepo, na hakuna mwanamke mwingine hapa anayejua cha kutazama. Hijabu yenyewe haina kasoro. Shida ni nywele. Msichana akizifunga fundo kisogoni, helmeti hukalia fundo badala ya kichwa. Kwa nje unaona imebana, lakini ukigeuza shingo kwa nguvu inateleza mbele. Niliigundua nikiwa peke yangu na kioo. Sikuweza kumwandikia mwalimu habari za nywele za mabinti katika barua itakayosomwa na baba zao.

Nikimwambia Bwana Gisiri kuhusu Jumamosi, atafuta majaribio. Nikimwambia mwalimu, atanifikiria vipi? Na kipindi changu cha majaribio kazini kinaisha tarehe 31. Taarifa yangu imekwisha kutumwa makao makuu Kisumu, na mtu wa huko amesema ni kazi ya kiwango cha juu.

Niombee mwezi uandame mapema.

Mdogo wako,
Bochaberi


Kegonga,
Jumatatu, 16 Machi

Mwana wa mama,

Sitauombea mwezi. Mwezi una kazi zake.

Wewe ulisimama mbele ya mwajiri usiyemjua ukasema, "Sabato sifanyi kazi," mama akatangaza kanisani na watu wakasimama. Leo unaificha Sabato ile ile kama mtu aliyeiba kuku. Unamwonea haya nani? Huyo mwalimu anafunga mwezi mzima. Unadhani hataelewa siku moja? Ataelewa kuliko Gisiri wako.

Mwandikie. Mwambie Jumamosi huwezi, na umwambie habari ya nywele kwa maneno ya heshima, au umpigie simu yeye mwenyewe azungumze na mwanamke mwenzake. Simu ni dakika tatu. Wanaweza kuja Jumapili. Idi haiharibiki kama maziwa.

Unapenda sana kusifiwa, Bochaberi. Tangu darasa la nne. Ulikuwa ukificha daftari mpaka mwalimu afike ili aone wewe wa kwanza.

Dadako,
Mokeira


Homa Bay,
Jumatano, 18 Machi

Mwalimu Sainab,

Iwe Ijumaa au Jumamosi, kila kitu kitakuwa tayari. Msiwe na wasiwasi wowote.

Wako mtiifu,
Bochaberi Omanga


Homa Bay,
Ijumaa, 20 Machi, saa kumi jioni

Bwana Duke,

Kama ulivyosikia, mwezi haukuonekana jana, hivyo wageni wa Migori watafika kesho. Nakuachia kurasa hizi mbili. Zifuate neno kwa neno.

Hatua ya kwanza, simu zote zibaki uzio wa pili. Hatua ya pili, pazia lifungwe pande zote nne. Hatua ya tatu, mkaguzi wa kike atazame upindo wa hijabu umeingia kwenye ukosi, na afanye ukaguzi wa ndani. Hatua ya nne, wewe ufunge helmeti na mkanda. Kasi isizidi ile ya kati. Hatua nyingine ziko ukurasa wa pili.

Mwombe mmoja wa akina dada wa kuuza tiketi asimame kama mkaguzi. Kwa Bwana Gisiri usiende ila ikilazimu. Nitakuwa nimezima simu hadi jua litue kesho.

B. Omanga


Homa Bay,
Jumapili, 22 Machi

Madam,

Bwana Gisiri ametuambia kila mtu aandike alichoona. Yake nimempa. Hii ni yako, na mimi si mtu wa kalamu, kwa hivyo univumilie.

Walifika saa nne kamili. Nikafuata karatasi. Nilipofika hatua ya tatu nikasimama. Dada wa tiketi aliniuliza ukaguzi wa ndani ni kukagua nini, nami sikujua, na nani angejua? Akakataa. Akasema mtoto wa watu akiumia, yeye asitafutwe. Nikakupigia simu mara tisa.

Yule mzee, baba ya msichana, akatoa barua yako mfukoni. Akasoma jina lako kwa sauti halafu akaniuliza, "Huyu yuko wapi?" Nikamwambia uko kanisani, ni Sabato yako. Hakukasirika. Aliikunja ile barua taratibu sana. Afadhali angenitukana.

Mwalimu akauliza ni kanisa gani. Nikamwonyesha njia, akaenda kwa miguu. Wasichana wakangoja juani karibu saa mbili. Mwalimu alirudi peke yake. Wakati huo Bwana Gisiri alikuwa ameshafika, akasema Kanuni ya Saba inarudi: wavue ama waende kwa bata. Watu walikuwa wamejaa kwenye uzio. Mama mmoja muuza omena alikuwa anapaza sauti, "Weuru nyithindo," yaani waacheni watoto, na sikujua anamwambia nani kati yetu.

Hapo mwalimu akaichukua karatasi mkononi mwangu. Akamwambia bosi, "Imeandikwa mkaguzi wa kike. Mimi ni mwanamke, na najua kusoma." Bosi akaangalia umati, akasema sawa, lakini jukumu ni lake mwalimu.

Aliwakagua wote mwenyewe nyuma ya pazia. Jozi tano zilienda vizuri, wakicheka mpaka mimi nikacheka. Sumayya alikuwa jozi ya sita. Nilimfunga helmeti mimi mwenyewe, nikaitikisa, ilikuwa imebana. Kwenye kona ya pili aligeuza kichwa kumtafuta mwenzake nyuma, helmeti ikamshukia machoni. Akagonga ukuta wa matairi kwa upande. Hijabu haikusogea, Madam. Nililala chini nikaangalia kile chuma kwa tochi. Hakikuwa na uzi hata mmoja.

Hospitalini walipomvulia helmeti, daktari alikuta fundo la nywele na vibanio vitatu vya maua. Mwalimu, ambaye ni shangazi yake, alisema alisukwa hivyo kwa ajili ya Idi.

Bosi ameandika kwamba sababu ya ajali ni vazi la kidini. Anataka saini yako Jumatano. Amesema ukitia saini, barua yako ya kuthibitishwa kazini iko mezani, na vitambaa vyote vya kichwa vitapigwa marufuku bustani nzima, hata kwenye boti.

Duke Mogire


Migori,
Jumatatu, 23 Machi

Bi. Bochaberi,

Sumayya ameshonwa nyuzi saba juu ya nyusi, na mkono wake wa kulia umetiwa plasta. Hayuko hatarini. Nimeanza na hilo kwa kuwa nadhani ungetaka kulijua.

Meneja wenu amenipigia simu. Anasema vazi letu ndilo lililomuumiza mtoto, na kwamba wewe, kama mtaalamu, utalithibitisha kwa maandishi. Kaka yangu alikuwa amekaa karibu nami akasikia. Aliniambia, "Uliniambia tatizo ni kuvua. Sasa tatizo ni kuvaa."

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Nilisoma ukurasa wako pale nyuma ya pazia, nikiwa na wasichana wananitazama. Umeandika ukaguzi wa ndani. Nilitazama upindo, nikatazama ukosi, nikavuta kila kitambaa kwa nguvu zangu zote. Fundo la nywele za Sumayya nililiona. Nililifunga mimi mwenyewe alfajiri, nikaona ni zuri, nikaona linaishikilia hijabu isiteleze. Je, lile jambo ambalo hukuliandika lilikuwa ni hilo?

Nijibu hata kama jibu litaniumiza. Silali kwa kutolijua.

Kanisani kwenu nilifika. Mzee wa mlangoni alinipa kiti cha mwisho kwa heshima, akaniambia ibada itakapopumzika ataniitia wewe. Nilikaa nyimbo mbili. Nilikuona kwenye kwaya, safu ya mbele. Nadhani hukuniona, maana ulikuwa ukiimba. Niliogopa kukuvuruga katika sala, na wasichana walikuwa juani, nikaondoka.

Ungeniambia tu kwamba Jumamosi ni siku yako ya ibada. Tungekuja Jumapili.

Sainab


Homa Bay,
Alhamisi, 26 Machi

Mwalimu Sainab,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa na kichwa cha habari na namba ya kumbukumbu.

Ndiyo. Jambo lenyewe lilikuwa fundo la nywele. Helmeti hukalia fundo na kuteleza. Nilijua tangu tarehe 8 Machi. Sikuliandika kwa kuona haya mbele ya kaka yako, kisha nikapenda sifa aliyonipa kwa kutoliandika. Ningeweza kukupigia simu. Dada yangu alinishauri hivyo hivyo, kwa maneno makali. Wewe hukukosea nyuma ya pazia. Ulikagua kila kitu ulichoambiwa, na ambacho hukuambiwa kilikuwa kwangu.

Habari ya Sabato nilikuficha kwa makusudi. Nilipewa siku hiyo kwa kuomba, kama wewe ulivyoomba, na kanuni ya wengine ikalegezwa kwa ajili yangu. Niliogopa kwamba nikisema, majaribio yatafutwa na jina langu litaondoka kwenye taarifa. Nikajiambia kwamba kurasa mbili zinatosha kuwa mimi.

Jana Bwana Gisiri aliniwekea mbele karatasi ya ajali. Palikuwa pameandikwa: chanzo, vazi la kidini. Barua ya kuthibitishwa ilikuwa pembeni yake, nikaona jina langu limechapwa bila kosa. Sikutia saini. Nimeandika taarifa nyingine na kuipeleka Kisumu kwa jina langu, na nakala ninaiambatisha humu ili kaka yako aisome. Inasema kwamba hijabu ilifanya kazi yake kikamilifu, kwamba chanzo ni helmeti iliyofungwa juu ya nywele ambazo hazikukaguliwa, na kwamba hazikukaguliwa kwa sababu afisa aliyeahidi kuwepo hakuwepo, wala hakumwambia mtu. Nimependekeza nywele zisukwe mistari iliyolala, mkaguzi wa kike awepo kila siku ya kazi, na hijabu ya fundi Mohammad iruhusiwe. Sijui watakubali lipi. Nimeambiwa nisifike kazini mpaka niitwe, na kwa jinsi ilivyosemwa, sidhani nitaitwa.

Limebaki moja, na taarifani halimo.

Umeandika kwamba unadhani sikukuona. Nilikuona, Mwalimu. Nilikuona mzee alipokuonyesha kiti, na nilijua umefuata nini. Tulikuwa ubeti wa kwanza wa wimbo wa kwanza. Nilijiambia nitashuka ubeti ukiisha, kisha nikajiambia wimbo ukiisha. Siyo Mungu aliyenizuia kwenye safu ile. Mzee wetu wa kanisa mwenyewe, nilipomweleza juzi, aliniuliza kwa nini sikutoka nje kwa dakika moja kukwambia lile neno la nywele. Nilibaki kwa sababu kushuka kungemwonyesha kila mtu kwamba niliahidi nisichoweza. Nilitazama daftari la nyimbo nikaimba. Nilipoinua macho kiti kilikuwa kitupu, na nafsi yangu, nakwambia kweli, ilipata nafuu.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Nimeona tu nisikuache ukidhani hivyo.

Bochaberi


Migori,
Jumatatu, 30 Machi

Bochaberi,

Barua na taarifa vimefika. Kaka yangu amezisoma zote mbili. Taarifa ameipeleka kwa fundi Mohammad, wakaisoma pamoja dukani. Barua amenirudishia.

Anasema Sumayya hatarudi huko. Nilimuuliza kama ni kwa sababu ya vigari. Akasema hapana, vigari amevielewa. Ni kwa sababu ya kile kiti cha nyuma kanisani. Sikumtetea mtu. Mimi pia kile kiti bado nimekikalia, na sijui nitainuka lini.

Wasichana kumi waliozunguka wamesimulia mpaka wamechosha mji. Wale ambao zamu yao haikufika wananiuliza kila siku, nami nawaambia nangoja barua ya Kisumu. Ikija, na ikiwa ni ndiyo, nitawasuka mimi mwenyewe.

Nilikusudia kuishia hapo. Lakini Sumayya ameketi karibu nami tangu nianze kuandika, na amenisihi niongeze swali lake, kwa kuwa mkono wake wa plasta ndio wa kuandikia. Anataka kujua alikuwa akienda kasi gani kabla hajagonga. Duke alimwambia ni ya kati. Yeye anasema haiwezekani, na kwamba wewe ndiwe unayejua.

Mjibu yeye, si mimi. Andika namba kamili.

Sainab